Makovu Matano na Kopo la Chai

Nyumba ya kona, nyuma ya kiwanda cha sabuni
Jumapili, tarehe 12

Mpendwa Mama Mdogo,

Shikamoo. Nisamehe kwanza, unigombeze baadaye. Barua yako imekaa juu ya kabati tangu mwanangu hajajua kutambaa, na sasa anakimbia na viatu vya baba yake. Sikunyamaza kwa kukosa la kusema. Nilikuwa nalo, ila zito.

U hali gani? Mkono wa upande ule uliotolewa titi bado unavimba? Kupimwa unakwenda, au umeanza tena kuwaambia madaktari una shughuli? Sisi wazima. Mtoto anaota magego kwa hiyo silali, lakini wazima.

Habari yenyewe ni kwamba nimefanyiwa upasuaji wa kupunguza mfuko wa chakula. Usishtuke, yameshapita. Sikukuambia mapema maana ungelia, na mimi machozi yangu yalikuwa yananitosha.

Sukari na presha zilinishika tangu ujauzito, na mwili ukagoma kupungua kwa njia zote. Halafu kuna hili letu la ukoo, lililomchukua mama na kukugusa wewe. Nilimuuliza daktari waziwazi kama nikipungua nitakuwa nimeliepuka. Hakunipaka mafuta. Alisema unene unamwongezea mwanamke hatari ya saratani ya matiti, hasa akishakoma hedhi, na kwamba tafiti nyingi zinaonyesha waliofanyiwa upasuaji huu huipata kwa uchache kuliko wanene wenzao ambao hawakufanyiwa. Ila hatari inapungua tu, haifutiki, na ya damu ya ukoo haikatwi na kisu. Kupimwa kuko palepale. Nikamwambia heri nusu shari.

Sasa nikusimulie wifi yangu, yule tunayemwita Spika kwa kelele zake, mwenye saluni nilimokuwa nasuka wateja. Nilipotoka hospitali nikinywa supu kwa kijiko, alisema mbele ya ukoo mzima, "Mleteeni kijiko cha mtoto, tumbo lake limebaki la kuku." Watu wakacheka. Akaongeza kwamba mke hakatwi tumbo bure, natafuta bwana mwingine. Baba watoto akaondoka mezani. Mimi nilibaki, nikamaliza supu yangu, nikamwekea akiba.

Mwili ukaanza kushuka. Spika akaanza kunipenda ghafla, wifi huku, wifi kule, ngoja nikupige picha na mtoto. Nikapigwa. Kumbe ameagiza makopo ya chai ya majani, na mlangoni kwake ametundika bango: mimi nikiwa mnene upande mmoja, mimi niliyepungua upande wa pili, na maandishi mekundu kwamba chai hiyo inayeyusha mafuta na kufukuza saratani ya matiti. Ulimi ule ule ulionitukana kwa kisu ukaniuza kwa chai!

Hata hilo ningelimeza, Mama Mdogo. Lakini alikuja kwangu mshona mapazia wa mtaa wa pili, yule mpole aliyenishonea neti ya mtoto. Alitaka kujua nilikunywa vikombe vingapi kwa siku, maana ana uvimbe titini na hauondoki. Hajaenda hospitali. Anakunywa chai kwa kuiamini picha yangu. Nikamwona marehemu mama jikoni, akisema lake ni jipu tu.

Jumamosi nikamshika mkono tukaenda saluni, wakati imefurika. Spika akanipokea kwa kelele, "Huyo hapo mwenyewe, mwoneni alivyo mwembamba!" Nikasema asante, nikapandisha blauzi hadi chini ya mbavu. Nikawaonyesha makovu yangu matano, moja moja kwa kidole. "Hii ndiyo chai niliyokunywa," nikasema. "Ilichemshwa hospitali, nikiwa usingizini."

Mama mmoja akatoa kichwa kwenye draya: "Sasa mimi makopo matatu yamenipunguzia nini?" Msusi akamjibu, "Yamekupunguzia kukaa, dada, kila saa uko chooni."

Spika akaninong'oneza, "Wifi, si ungeniambia tu nyumbani?"

"Nyumbani hakuna wateja," nikamjibu, tena kwa sauti. Nikawaeleza alivyosema daktari, pamoja na kwamba hata kisu chenyewe si kinga kamili. Mwenye uvimbe akapimwe, asisubiri majani.

Mshona mapazia nilimpeleka Jumatatu. Wamechukua kinyama cha kupima, tunasubiri majibu. Analala vibaya, nami pia. Mwombee.

Mama mkwe amekuja kunisihi yaishe, eti damu ni moja. Nilimkaribisha kwa heshima zote, nikamwambia yataisha siku mwanawe atakapopita kwa kila aliyemuuzia, mlango kwa mlango, aseme kwa kinywa chake kwamba alidanganya. Bango ameshalitoa, lakini kupita hajapita. Kwa hiyo nasukia barazani kwangu, na wateja wake wanavuka barabara mbele ya macho yake. Naona utamu, sikufichi. Usiniandikie habari za kusamehe. Majibu ya yule mshona mapazia yakija mabaya, Spika hata salamu yangu hataipata.

Nisalimie mjomba dereva, bibi wa ghorofani na binamu Kifaranga, mwambie nimesikia ana mchumba. Mungu akulindie titi lililobaki na moyo ulio chini yake.

Mwanao akupendaye, asiyesahau,
Mama Magego

Vya kunitumia: nakala ya majibu yako ya hospitali, daktari wangu anataka kujua saratani yako ilikuwa ya aina gani, maana ya mama yalipotea. Sidiria mbili ndogo, zangu zote zimekuwa vikapu. Vitamini napata hapa, usihangaike. Na ile picha yangu ya harusi yako, nikiwa na gauni la njano, mnene bila kujibana tumbo. Itume kubwa, isikatwe pembeni. Nitaibandika barazani, uso kwa uso na saluni, na chini yake nitaandika kwa mkono wangu: KISU, SI CHAI. Gundi ninayo.