Nilisema Ifute

Baba Afnan,

Afnan anatoka shule saa tisa, usimsahau. Pipa la taka litoe nje kabla gari halijapita. ~~Wali na mchuzi wa pweza vimo kwenye friji, pasha moto ule.~~ Wali nimekwenda nao kazini.

Laptopu usiiwashe tena. Fundi Aboud wa Sugar Land kasema diski mpya uliyoitia ni tupu, haina hata Windows. Utaibonyeza mpaka kidole kikatike, itakuandikia maneno yaleyale.

Ndiyo maana asubuhi nikakwambia, "Ile diski ya zamani ina vumbi, ifute uirudishe." Kitambaa nilikushikisha mwenyewe. Hicho hapo, hakina hata doa. Wewe ukaichomeka kwenye kompyuta yako ya kazini, ukafuta kila kilichomo. Sauti za marehemu mama yangu akiniombea dua, zote. Nalia, wewe unacheka: "Si ungesema pangusa!" Kisha ukarudi kulala.

Kwetu Unguja vumbi hufutwa, Mansour. Lakini wewe umekulia hapa Pearland, kufuta unakojua ni kwa kubonyeza tu.

Simu yako uliiacha inachaji hapa mezani. Namba ya siri ni mwaka aliozaliwa mama yako, mtoto mwema wewe. Na jumbe zake za sauti umezihifadhi zote, mashaallah. Ila kioo kilijaa vumbi, nikaona haya.

Nimekufutia.

Kwa Kiswahili chako.

Mama Afnan