Daktari Minchev Hakosi Somo

Zdravka, mdogo wangu mpenzi,

Huku tu wazima. Theluji imefunga barabara ya mjini, mtindi umeganda vizuri, na jino linanisumbua tangu Jumapili, maumivu yamefika hadi tayani.

Masomo ya magonjwa ya moyo kwa mtandao yanaendelea. Profesa hufundisha akiwa mjini Sofia, nasi madaktari wa milimani tunamsikiliza, kila mtu kwake. Anayetangulia kuuliza ni mzee Minchev wa kijiji cha pili, kaketi kando ya jiko lake. "Raina, unasinzia tena," hunitania mbele ya wote.

Jana nilimpelekea banitsa, ule mkate wetu wa jibini, kwa miguu. Mlangoni pake limebandikwa tangazo la kifo lenye picha yake, lile linalobandikwa mtu akitimiza mwaka tangu afariki. Jirani akaniambia, "Kwani hukusikia? Ni moyo, daktari. Mwenyewe alidhani ni jino."

Leo nimefungua somo, nikamtafuta. Alikuwepo. Profesa akauliza nani ana mgonjwa wa kujadiliwa. Minchev akasogea karibu na kioo, bila utani.

"Ninaye mimi," akasema. "Raina, ondoa mkono tayani wakuone."

Gari la wagonjwa nimeshaliita. Nakuandikia huku nikilisubiri.

Dadako,
Raina