Kuku wa Mama Halima

Jumatano, Kitengela

Kuku kumi na wawili wa Mama Halima, jirani wa mlango wa pili, waliibwa jana usiku. Kibanda chao kiko chini ya dirisha langu, na sikusikia hata mmoja akilia.

Nililala. Miaka minne nilikuwa nakesha, na sasa miezi miwili tu ya kukaa kimya kila jioni, macho nimefumba, nikihesabu pumzi, nalala fofofo. Presha imeshuka. Siku hizi simgombezi mwanangu Brian juu ya viatu. Nilikuwa nimeanza kujisifu.

Asubuhi Mama Halima alinisimamisha kwa geti. Hakuwa amekasirika, na hiyo ndiyo ilinimaliza.

"Mama Brian, kwani siku hizi unalala?"

Nikasema ndiyo.

"Sisi tulikuwa tunalala kwa sababu wewe haulalangi. Taa yako ikiwaka, hakuna mwizi anaingia hii ploti."

Miaka minne. Kumbe walijua wote, na hakuna aliyewahi kuniuliza ni nini kinaninyima usingizi.

Huruma ya kuku naitafuta, siipati. Nimeshakaa dakika zangu ishirini. Sasa nazima taa.