Spika Niliyoiweka Upande wa Kulia

Misunkumilo,
Mpanda.

Dada yangu Kabula,

Shikamoo. Mnaendeleaje huko Meatu? Miguu ya mama imepungua kuvimba? Huku mpunga umeiva na mashine ya kukoboa haipumziki. Mimi nashinda pembeni yake nikimimina magunia, yenyewe ikinguruma kushoto kwangu.

Ile flash uliyonitumia yenye nyimbo za kwaya ya marehemu baba ilifika salama. Niliichomeka kwenye laptop yangu ya mtumba, nikasikia akina mama na kinanda tu. Besi ya baba haikuwepo. Spika za laptop ni ndogo, zinalia kama nyuki ndani ya kopo. Nikaamua kutafuta headphone za bei nafuu, zile za kufunika masikio, nimsikie bila kusumbua wapangaji wenzangu.

Jumapili nilibeba laptop mpaka kwa Zuhura, mama anayeuza vifaa vya simu sokoni. Akanishauri nisizijaribu kwa bongo fleva yake ya dukani, maana hiyo inalia vizuri kwenye chochote. Niweke wimbo ninaoujua. Nikaweka wa baba. Headphone za kwanza, upande wa kushoto kimya. Za pili hivyohivyo. Akafungua boksi jingine, nazo kushoto zimekufa. Nikakasirika, nikamwambia anauza mabovu. Akazivaa mwenyewe, akasikiliza, kisha akanivalisha kwa kuzigeuza, ule upande wa kushoto ukakaa sikio la kulia. Ukalia.

"Kaka," akasema, "hizi zote ni nzima. Nenda kapime sikio."

Nilikaa kwenye benchi lake. Nikakumbuka watu wanavyoniita nisigeuke, na bosi anavyosema nina dharau.

Hospitali walinipima. Daktari akasema ni kelele za mashine. La kushoto halitarudi, na la kulia limeanza kufuata. Nikamwomba bosi anihamishie kwenye mizani, mbali na mashine. Akajibu kwamba wanaoitaka kazi yangu wamejaa getini. Basi niko palepale, nimeziba masikio kwa vizibo alivyonipa daktari, maana kazi nyingine bado sijapata. Ndiyo sababu kwenye simu nakujibu ovyo, na ndiyo sababu nimeandika.

Headphone sikununua. Nilirudi kumwomba Zuhura radhi, akanichagulia spika moja ya waya, ya bei ya chini lakini nzito mkononi. Alisema zile nyepesi hazitoi besi. Nimeiweka upande wa kulia wa kitanda. Baba nimemsikia, dada. Ulijua kwamba anakohoa kidogo kabla ya ubeti wa pili? Nilirudia hapo mpaka laptop ikaisha chaji.

Nisalimie shemeji, na baba mdogo anayetuchungia ng'ombe. Bibi mwambie nakula vizuri.

Nina ombi moja. Mrekodi mama kwa simu yako. Asiimbe, aongee tu: agombeze mbuzi, aite watu kula, ataje jina langu. Usimwambie kwa nini. Ila usichelewe, dada, maana hili sikio la kulia bado linashika sauti.

Mdogo wako,
Masanja