Kasha la Mwisho la Martiens Lategan

Mwaka umetimia, Martiens, tangu asubuhi ile ya baridi ulipokwenda kuwaangalia kondoo bondeni, moyo ukasimama hukohuko. Watoto wamesema kumbukumbu hii niiandike mimi, kwa kuwa ndimi niliyekaa nawe kuliko wote. Basi naandika, na nikikugombeza kidogo mbele za watu utanisamehe. Nyumbani sina tena wa kumgombeza.

Ulikuwa mtu mwema. Majirani wote wa huku Colesberg wanajua ni nani aliyewapelekea maji kwa trekta mwaka wa ukame, na ni nani aliyesinzia kanisani kila mahubiri yaliporefuka. Ulipenda kahawa chungu na biskuti kavu za kuchovya, ulichukia simu, na kofia yako ya kijani uliivaa mpaka mbwa akaona aibu kutembea nawe.

Lakini pendo lako kubwa lilikuwa kile chumba cha nyuma ulimojazia risasi zako kwa mkono. Za dukani uliziita supu ya kantini, kila bakuli na ladha yake. Wewe ulitaka kila moja iwe pacha wa mwenzake, ili kule mashindanoni Bloemfontein, shabaha ikiwa mbali hata macho yanachoka, utoboe tundu moja juu ya jingine. Baruti uliipima punje kwa punje. Kazi yangu mimi ilikuwa maganda matupu ya risasi: kuyasugua shingo, kuyapima, kuyapanga yanayolingana uzito. Ulikaa mezani kwako ukinipa mgongo, mimi meza ya dirishani, kila siku baada ya chai ya jioni.

Na zile sheria zako, Mungu wangu. Mezani kopo moja tu la baruti, kwa sababu baruti zinafanana kwa macho, na ukikosea kopo bunduki inaweza kumpasukia mtu usoni. Risasi aliyojaza mtu mwingine haipigwi, hata awe ndugu. Na baruti ikipimwa, hakuna kuongea. Siku jirani yetu Tertius Vosloo alipoingia na habari ndefu za kondoo dume wake, ulimsikiliza mpaka akamaliza, kisha ukamwaga kazi yote ya jioni ile, ukaanza upya.

"Ukitaka kuongea, Tertius, tuongee," ulimwambia. "Lakini moja kati ya hizi sasa siijui, na nisiyoijua siitii bundukini."

Toka siku hiyo akija anakohoa kwanza nje, kama mtu anayebisha hodi chooni. Mimi pia nilinyamaza. Nilikuwa na mambo ya kusema, mengi tu, nikayameza pamoja na chai yangu. Nilijiambia utakapomaliza tutaongea, na ukimaliza unakuwa umechoka, unakwenda kulala.

Halafu ukaanza kusahau. Uliomba kahawa huku umeishika. Uliniuliza binti yetu Annelie anarudi saa ngapi kutoka shuleni, na Annelie ana watoto wawili kule Walvis Bay. Siku moja nikaona mezani kwako makopo mawili ya baruti, yote wazi. Niliyatazama, nawe ukayatazama. Ulisema umesahau kurudisha moja kabatini. Ukazivunja risasi zote ulizokuwa umejaza, na baruti yake ukaimwagia mawaridi yangu, kama mfanyavyo ninyi wajaza risasi kwa baruti msiyoiamini. Hatukulizungumza tena. Ukasema bega linakuuma, mashindanoni ukaacha kwenda, lakini chumbani uliendelea kuingia kila jioni, nami nikaingia nyuma yako.

Ulipotuacha kulikuwa na kasha moja limejaa, kazi yako ya mwisho. Tertius alitaka watu wa klabu yenu ya shabaha wazipige siku ya maziko. Alikuja akilia, akaniambia, "Shemeji, tumuage kwa kazi ya mikono yake mwenyewe." Nilikataa, na najua wapo walioniona nina roho ngumu. Habari ya makopo mawili sikuwaambia, kwa sababu sikutaka wakukumbuke hivyo. Kasha likakaa kwa muuza bunduki mjini, pamoja na bunduki yako, mpaka mwezi uliopita kibali cha mwanetu Wessel kilipotoka.

Wessel akalileta nyumbani. Ana mikono yako na ubishi wako. Alisema bunduki ni ileile, risasi ni za baba yake, na baba si mtu mwingine. Siku mwaka utakapotimia ataingia uwanjani azipige zote kwa heshima yako. Niliogopa. Mume nimeshamzika, sasa na mtoto? Hapo ndipo nilipomweleza yote: ulivyokuwa ukisahau, makopo, mawaridi. Nikamwomba azivunje moja moja, ingawa kwangu ilikuwa kama kukuzika mara ya pili.

Tuliingia chumbani, nikakaa mahali pangu. Wessel akachomoa ya kwanza, akaigeuza. Kwenye kitako, panapokaa fataki inayowasha baruti, palikuwa na tundu tupu. Akang'oa kichwa cha risasi, akainamisha ganda juu ya kiganja, hakikutoka kitu. Akafanya ya pili, ya tatu, mpaka kasha likaisha. Fataki hamna, baruti hamna hata punje. Yalikuwa maganda niliyoyasugua mimi, na vichwa ulivyovipachika juu yake sawasawa kabisa, basi.

"Baba alijua, Mama," Wessel akasema. "Hakujiamini tena, akaona asije akamuumiza mtu."

Nilijivunia kwanza, mume wangu. Majina yalikupotea, siku zilikupotea, lakini hilo moja ulilishika kwa mikono miwili. Wessel alipoondoka nikabaki mle ndani peke yangu, na uchungu ukaniingia kwa mlango mwingine. Ulikaa na hofu yako pale mezani, karibu yangu kiasi cha kukugusa. Mimi nimekaa na yangu dirishani, nimefumba mdomo nisije nikakuvuruga. Nimekulilia mwaka mzima, lakini sikuwahi kulia kama siku ile. Miezi yote ile nilinyamaza kwa heshima ya baruti, na baruti haikuwapo. Tungeweza kuongea, Martiens. Jioni zote zile tungeweza kuongea.

Unakumbukwa na mimi mkeo Dorie. Wanao Wessel na Annelie. Mkwe wako Riaan. Wajukuu zako Mieke na Dawid. Kaka yako Lourens. Na rafiki yako Tertius Vosloo, pamoja na wenzako wote wa klabu.

Maadamu tunapumua, hutatutoka moyoni.