Mwili Mmoja, Vipimo Vinne

Jumapili, 9 Machi 2025
Itangazwe kote Kitengela, ifike hadi Kajiado mjini: leo nimechaguliwa mwenyekiti wa wanaume wa kanisa. Sababu — viti vya plastiki ni vyangu. Jentrix, bibi yangu, amenipongeza, kisha akanionyesha vyombo vya kuosha.

Jumamosi, 15 Machi
Kikao changu cha kwanza. Niliahidi mbuzi, wakajaa. Kabla ya mbuzi nikawaletea Odero wa kliniki, aongee juu ya HIV na kupiga mabibi. Walininunia kabisa.

Odero akauliza nani amepimwa. Kiama, jirani yangu, akacheka: bibi yake Waithera alipimwa akiwa na mimba, akawa sawa. "Mimi na yeye ni mwili mmoja. Majibu yake ni yangu."

Tukapiga makofi. Mimi pia — hiyo ndiyo hesabu yangu miaka yote.

Odero akangoja tumalize. "Mkiwa mwili mmoja, ukimpiga mbona anafura yeye peke yake?"

Hata mbuzi alinyamaza, na alikuwa kwa makaa.

Kila mtu akapewa vipimo viwili vya mate, chake na cha bibi. Kiama alitia vyake mfukoni. Ploti yote tunajua kwa nini redio yao hupandishwa sauti. Je, nimempelekea mama wa watu kichapo kingine?

Jumanne, 18 Machi
Nasikiza ukutani kama mwizi. Redio iko chini. Vipimo vyangu viko juu ya kabati — Jentrix ameuliza kama navifuga.

Jumamosi, 22 Machi
Kiama amebisha mchana. "Mwenyekiti, Waithera amekubali tupime. Lakini si kwetu. Hapa, Jentrix akiwepo." Alisema akiangalia viatu.

Kesho kanisani nitasema tulipima kama wanaume. Ilivyokuwa ni hivi. Nilisugua kile kijiti mdomoni kama mswaki hadi Jentrix akanishika mkono: "Ni ufizi, Baba Sheryl, pole pole." Wetu, mstari mmoja mmoja, yaani hakuna virusi — nikapumua hadi vidole vya miguu. Waithera, mmoja. Kiama, miwili.

Akainua mkono. Waithera akajikinga uso.

Alitaka tu kujipangusa macho. Lakini aliona. Akautazama ule mkono kama wa mgeni, kisha akaukalia.

Nikasema Jumatatu nitamsindikiza kliniki, wahakikishe.

"Na mimi nitakuja," Waithera akasema. "Lakini leo nalala kwa Jentrix."

Kiama akaitikia kwa kichwa.

Naandika nikiwa jikoni. Jentrix ameongeza maji ya chai. Hakuna aliyeondoka. Mkono wake Kiama bado ameukalia, anakunywa na ule wa kushoto.