Mgeni wa Dirisha la Jikoni

Katandala, Sumbawanga

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta umekaa kibarazani, miguu imepungua kuvimba, na dawa ya presha unaimeza bila mdogo wangu Neema kukukimbiza nayo. Neema, msomee mama polepole, na usiruke mahali hata ukiogopa. Mimi ni mzima. Baridi imeanza. Asubuhi ukungu unaingia hadi ndani, na kanga niliyoianika jana naianua imelowa kama vile haikuona jua.

Ungependa nipige simu, najua. Lakini haya si maneno ya simu, ungenikatisha kwa kulia.

Barua yako niliipata. Umeniuliza tena nitarudi lini, kwa kuwa Gaudensi tumeshamzika, watoto hatukujaliwa, na huku nimebaki mgeni. Nitakujibu. Ila kwanza nikusimulie jambo la kazini, maana jibu lilitoka huko.

Nilikwambia ofisi yetu inatengeneza tovuti, zile kurasa ambazo mtu anazifungua kwenye simu akaona duka au shule ya mtu ilivyo. Mimi sizitengenezi. Hutumwa mwanzo kabisa, kumuuliza mteja anataka nini, kama fundi cherehani anavyokupima kabla hajagusa kitambaa. Nikikosea hapo, nguo yote itambana. Huwa naanza na swali hili: nani atafungua tovuti yako? Wengi hujibu, "Watu wote." Nawaambia hapana, nitajie mtu mmoja unayemjua, anayehangaika kukupata.

Basi nilitumwa Laela kwa mama mwenye gesti, anaitwa Mama Yustina. Nilimkuta jikoni anapepeta ulezi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wewe ndiye wa tovuti? Nilijua wataniletea mwanaume mwenye miwani."

"Wamenileta mimi, na miwani sina."

Akacheka, akanisogezea kigoda. Nikamuuliza swali langu. Hakusema watu wote. Aliacha kupepeta.

"Yupo mmoja," akasema. "Huyo ndiye nataka anipate."

Akanieleza kwamba mgeni huyo huja asubuhi za ukungu, kabla mabasi ya Tunduma hayajaanza kupita. Mlangoni haendi. Anakuja dirisha la jikoni, anagonga kioo kwa kucha, anauliza kama lori litapata pa kuegesha. Ila Mama Yustina hajawahi kusikia mngurumo wa lori. Uso haujawahi kuonekana vizuri, ila anaona anavyosimama: uzito wote mguu wa kulia, wa kushoto ameulegeza.

"Kama dereva anayepumzisha mguu wa klachi," nikasema.

"Hivyohivyo. Umejuaje?"

Nikainamisha kichwa nikajifanya naandika.

"Nikichukua ufunguo nikazunguka nje, simkuti. Nimechelewa. Ndiyo maana nataka hiyo tovuti, ajiwekee nafasi ya chumba mwenyewe, afike akute mlango uko wazi."

Nikamwambia tutaweka mahali pa kuandika jina na namba ya simu.

"Jina usiweke. Hajawahi kulitaja, litamshinda."

"Na simu?"

"Hana. Mikono mitupu."

"Sasa mama, bila simu ataifunguaje?"

"Hilo niachie mimi na yeye. Wewe andika ninachotaka, si ndiyo kazi yako?"

Ndiyo kazi yangu, nikaandika. Kisha nikamuuliza mgeni huyo akigonga husemaje.

"Anasema, 'Wenye chai, mpo?'"

Mama, maneno hayo unayajua. Gaudensi alipokuja kutoa mahari aliyasema kutoka uani kabla hajakaribishwa, ukasema huyu mkwe ana maneno. Hapa Katandala kila aliporudi na lori kutoka safari aligonga dirisha la jikoni kwa kucha, asimwamshe mwenye nyumba. Nilikuwa nimeshabandika birika. Alikuwa akitia sukari bila kukoroga, ili utamu wote aukute mwishoni.

"Alianza lini kuja?" nikauliza.

"Tangu msimu uliopita wa kununua mahindi."

Wakati huo tulikuwa tumeshamzika, na udongo wa kaburi ulikuwa umetitia tukaujaza tena. Mimi mwenyewe nilibeba karai.

Nikarudi ofisini. Bosi wetu Deo alisoma nilichoandika akashika kichwa. "Dada Salome, mgeni hana jina, hana simu, na anataka kuweka chumba mtandaoni. Atatumia nini, redio?" Wenzangu wakacheka, nami nikacheka nao. Deo akasema nirudi nikamsomee mteja. Ndio utaratibu wetu, mteja lazima asikie alichosema, akubali au afute.

Siku niliyorudi ukungu ulikuwa umegoma kuondoka ingawa watu walishafungua maduka. Nilisoma vizuri, habari za vyumba, bei, chakula. Nilipofika kwa yule mgeni nikaweka karatasi chini.

"Mama," nikamwambia, "huyu ni mume wangu. Tulishamzika."

Hakushtuka. Aliweka ungo chini, akafuta mikono kwenye kitenge.

"Pole mwanangu. Kumbe nilikosea."

"Ulikosea nini?"

"Yeye anauliza wenye chai, mimi natoka na ufunguo. Kila akija ananiambia anachotaka, nami namtafutia chumba."

Nikatazama dirishani. Kioo cha dirisha kilikuwa cheupe chote kwa ukungu, isipokuwa mahali padogo palipofutwa, kama anavyofuta mtu anayetaka kuchungulia. Niliinuka nikapapitishia leso, hapo na pembeni yake. Leso ilitoka kavu, na ukungu wa pembeni haukufutika. Palikuwa pamefutwa kwa upande wa nje.

"Akija tena nimwambieje?" Mama Yustina akauliza. "Maana sasa siwezi kunyamaza tu."

Hapo ndipo nilipopata jibu lako, mama. Siku zote nakwambia kazi imenishika. Si kazi. Nilikuwa naona nikiondoka atarudi akute dirisha limefungwa na ndani wanakaa watu asiowajua, na mimi nimemwacha huku peke yake.

"Mwambie mke wake amekwenda kwao, Muheza."

"Muheza anapajua?"

"Alikuja kutoa mahari."

"Basi anapajua. Mwanaume hasahau alikoacha ng'ombe zake." Akacheka kidogo, nami nikajikuta nacheka huku machozi yananitoka. Kisha akarudia polepole, ili asije akakosea siku ya kuyasema: "Mke wake. Amekwenda kwao. Muheza." Akaongeza, "Na kwenye tovuti weka jina, weka simu, weka vyote. Yale mengine yalikuwa ya mtu mmoja."

Deo amefurahi na kazi imeanza. Mimi nimeshamuaga mwenye nyumba. Kazi hii ikikamilika nitapanda basi. Sijui nilichokiona ni nini, na simlazimishi mtu aamini. Nimekuandikia kama kilivyokuwa.

Nisalimie baba mdogo wa shamba la machungwa, na shangazi wa vitumbua, mwambie huku nimetafuta vya kufanana na vyake sikupata. Bibi mzaa baba mwambie sweta lake ndilo linaloniweka hai. Jirani yetu fundi baiskeli naye mpe salamu, alimpenda sana Gaudensi.

Jambo la mwisho, mama. Huenda yeye akatangulia kufika kabla yangu. Mkisikia mtu upande wa jikoni msipige kelele wala msiite watu. Mpeni kwanza maji ya moto aoge, kisha chai yake. Huku anakotoka ni baridi sana.

Mwanao akuombeaye kila siku,

Salome